Njaa Haiishi Siku Chakula Kinapofika

Mwezi Septemba 1944, wafanyakazi wa reli nchini Uholanzi waligoma. Nchi yao ilikuwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani kwa mwaka wa tano, na serikali yao iliyokuwa uhamishoni London ndiyo iliyowataka wasimamishe treni ili adui ashindwe kusafirisha askari na silaha, wakati majeshi ya Washirika, yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani, yakipigania madaraja ya Arnhem. Washirika walishindwa kwenye mapigano yale. Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kufunga njia za chakula kwenda mikoa ya magharibi, kwenye miji ya Amsterdam, Rotterdam, Leiden na Den Haag. Mwezi Novemba walilegeza amri na kuruhusu chakula kipite majini, lakini baridi ya mwaka ule iliwahi, tena ilikuwa kali. Mifereji iliganda na mashua za mizigo zikakwama.

Kufikia mwisho wa Novemba mgawo wa chakula wa mtu mzima mjini Amsterdam ulikuwa umeshuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Tangu Desemba hadi Aprili ulikuwa kati ya 400 na 800, wakati mtu mzima anayefanya kazi huhitaji zaidi ya 2,000. Wajawazito walikuwa na haki ya nyongeza, lakini njaa ilipopamba moto nyongeza hiyo haikupatikana tena. Watu walikula mizizi ya maua ya tulipu, ile inayofanana na vitunguu. Wanawake walipanda baiskeli na kwenda mashambani kubadilisha mashuka na vito vyao kwa viazi. Watu wapatao 20,000 walikufa. Mwishoni mwa Aprili 1945 ndege za Washirika zilianza kudondosha chakula, tarehe 5 Mei ukombozi ukafika, na kufikia Juni mgawo ulikuwa umevuka kalori 2,000.

Dunia imepata njaa zilizoua watu wengi kuliko hii. Kilichoifanya ya Uholanzi isomwe hadi leo ni namna ilivyokuja na ilivyoondoka. Njaa nyingi huingia polepole, msimu mmoja baada ya mwingine, nazo huwakamata watu ambao tayari walikuwa dhaifu, kiasi kwamba huwezi kujua kipi kimeletwa na njaa na kipi kimeletwa na umaskini wa miaka yote. Hii iliwavamia ghafla watu waliokuwa wakila vizuri kiasi, matajiri kwa maskini, ikakaa miezi 5 au 6, ikaondoka ghafla. Na muda wote huo wakunga hawakuacha kuandika. Katika hospitali ya Wilhelmina Gasthuis mjini Amsterdam, kila mama aliyejifungua aliandikiwa kumbukumbu zake: siku ya hedhi ya mwisho, uzito wake mwenyewe, uzito na urefu wa mtoto, mzunguko wa kichwa, hata uzito wa kondo la nyuma. Sipati picha ya kazi iliyofanywa kwa uaminifu zaidi ya hiyo, kuandika gramu za kondo katika wodi isiyo na makaa ya kuota moto.

Miaka ya 1990 watafiti walizirudia kumbukumbu zile. Walipata watoto 2,414 waliozaliwa hospitalini hapo kati ya Novemba 1943 na Februari 1947, baadhi kabla ya njaa, baadhi ndani yake, baadhi wakiwa wametungwa mimba baada yake. Wakaanza kuwatafuta mmoja mmoja, sasa wakiwa watu wazima wanaokaribia miaka 50. Profesa Tessa Roseboom, ambaye jina lake limeambatana na utafiti huu kuliko la mwingine yeyote, alianza nao akiwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa na hajauacha.

Jambo la kwanza walilolikuta lilitarajiwa. Watoto ambao miezi yao mitatu ya mwisho tumboni iliangukia kwenye njaa walizaliwa wepesi, wakipungukiwa kama gramu 200 hadi 300. La pili halikutarajiwa kabisa. Wale ambao mimba zao zilitungwa njaa ikiwa kali, kisha mama zao wakapata chakula kabla hawajajifungua, walizaliwa na uzito wa kawaida. Kwa mkunga aliyesoma mizani, walikuwa watoto wazima wasio na kasoro. Lakini ni hao hao ambao, walipofikia umri wa miaka 50 hivi, walikuwa na maradhi ya moyo zaidi ya wenzao na mafuta mabaya zaidi kwenye damu, na wanawake miongoni mwao walikuwa wanene zaidi. Madhara makubwa kabisa yalikuwa yamejificha kwa watoto ambao mizani iliwapitisha.

Sasa tuingie kwenye chumba cha vipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu 721 wa kundi hili walikubali kupimwa namna miili yao inavyopokea msongo. Walikuwa na wastani wa miaka 58. Mtu alikaa, akavalishwa kidoleni kifaa kinachosoma presha kila pigo la moyo, akaachwa atulie. Kisha majaribio matatu yakafuata, kila moja la dakika 5. La kwanza, alionyeshwa majina ya rangi yaliyoandikwa kwa rangi nyingine, mathalani neno "nyekundu" likiwa na wino wa kijani, na alitakiwa kuchagua jibu sahihi bila kuchelewa. La pili, alifuatisha kwa kalamu umbo la nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, ambapo kulia kunageuka kushoto na mkono unakwenda usikotaka. La tatu ndilo lililobana kuliko yote. Alisikilizishwa hadithi iliyorekodiwa, ikimtaka ajione amesingiziwa wizi wa mfukoni. Alipewa dakika 2 za kujiandaa na dakika 3 za kujitetea kwa sauti, huku akijua kwamba ufasaha wake unatiwa alama.

Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kikao cha ukoo au mbele ya mkuu wa shule akituhumiwa kwa jambo asilolitenda anajua kinachotokea kifuani. Presha ya wote ilipanda, na kwa hotuba ya kujitetea ilipanda zaidi ya mahali pengine popote. Ila kwa wale waliokuwa tumboni miezi ya mwanzo wakati wa njaa, ilipanda kuliko ya wenzao. Miaka 58 ilikuwa imepita. Wengi wao hawakuwahi kulala na njaa tangu wazaliwe, maana walizaliwa chakula kikiwa kimesharudi. Njaa waliyoipata hawakuijua kwa mdomo wala kwa kumbukumbu. Waliipata wakiwa hawajafikia urefu wa kidole.

Mlinzi wa usiku aliyevamiwa na majambazi wiki yake ya kwanza kazini hupiga filimbi hata paka anaporuka ukuta. Si mvivu wala si mjinga. Amejifunza kazi yake katika usiku mbaya. Mwili uliojengwa wakati chakula hakipatikani nao hujipanga kwa ajili ya dunia ya namna hiyo, na baadaye huitikia kwa nguvu mambo ambayo mwili mwingine ungeyaacha yapite.

Ili kuona jinsi hilo linavyowezekana, inafaa kujua kwamba mwili una njia mbili za kupokea tishio. Ya kwanza ni ya haraka: ubongo hutuma ishara kupitia neva, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hudunda, mishipa hubana na presha hupanda, yote ndani ya sekunde chache. Ya pili huchukua dakika. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamsha tezi zile zile za juu ya figo ili zitoe homoni ya kortisoli. Kortisoli huongeza sukari kwenye damu na kuahirisha shughuli zinazoweza kungoja, ikiwemo kukua. Ikishafika kiasi cha kutosha, hurudi yenyewe ubongoni na kutoa taarifa kwamba uzalishaji usimame. Taarifa hiyo hupokelewa na vipokezi, vingi vikiwa katika hipokampasi, eneo linalohusika pia na kumbukumbu. Vipokezi vikiwa haba, taarifa haisikiki vizuri, na homoni huendelea kumwagika ilhali hatari imeshapita.

Watafiti wa Amsterdam walizipima njia zote mbili. Presha, ambayo ni kazi ya njia ya haraka, ilitofautiana. Kortisoli iliyopimwa kwenye mate haikutofautiana: waliopitia njaa na wasiopitia waliitoa kwa kiasi kinacholingana. Nalisema hili wazi kwa sababu siku hizi kortisoli imegeuzwa kuwa maelezo ya kila kitu, kuanzia kitambi hadi kukosa usingizi. Ushahidi wa Uholanzi unaonyesha kwamba njaa ya tumboni inaweza kuacha alama kwenye njia moja na kuiacha nyingine salama. Miili haiharibiki yote kwa namna moja, na anayeahidi maelezo mepesi hajasoma vipimo vyenyewe.

Hata hivyo kortisoli ina sehemu yake, nayo inaanzia kwenye kondo. Kiwango cha homoni hiyo katika damu ya mama ni mara kadhaa ya kile kilicho katika damu ya mtoto tumboni, na kama yote ingepita, mtoto asingekua ipasavyo. Kwa hiyo kondo lina kimeng'enya kinachoibadilisha kortisoli ya mama na kuiondolea nguvu kabla haijavuka. Miaka ya 1990, watafiti nchini Uingereza waliwalisha panya wenye mimba chakula chenye protini kidogo. Kimeng'enya kile kilipungua kwenye kondo zao, na watoto waliozaliwa wakakua na presha ya juu. Maana yake ni kwamba upungufu wa chakula unaweza kumfikia mtoto kwa njia mbili kwa pamoja: anakosa vya kujengea mwili, na mlango uliokuwa ukimkinga na homoni za mama yake unabaki wazi nusu. Mama mwenye njaa na hofu, katika mji uliokaliwa na jeshi, anampitishia mtoto vyote viwili.

Na alama hizo hukaa wapi kwa miaka 60? Mwaka 2008 watafiti walichukua damu ya watu 60 waliotungwa mimba wakati wa njaa ile na kuilinganisha na damu ya ndugu zao wa jinsia moja ambao hawakuipitia. Waliangalia jeni iitwayo IGF2, inayohusika na ukuaji. Jeni yenyewe haikuwa imebadilika, ila vibandiko vidogo vya kikemikali vinavyokaa juu yake, vinavyosaidia kuamua itumike kiasi gani, vilikuwa vichache kwa waliopitia njaa. Tofauti ilikuwa ndogo, na haithibitishi kwamba ndiyo iliyowaletea maradhi ya moyo au presha. Inathibitisha jambo moja ambalo kwangu ni kubwa la kutosha: miezi michache ya mgawo mbovu inaweza kusomeka katika damu ya mtu anayekaribia kustaafu.

Wazo hili, kwamba maradhi ya uzeeni yana mizizi kabla ya kuzaliwa, lilipigiwa debe kwa muda mrefu na daktari Mwingereza David Barker. Kabla ya umaarufu wake, Barker alikuwa Makerere, Uganda, tangu 1969, akichunguza kidonda cha Buruli, mpaka hali ya nchi chini ya Idi Amin ilipomlazimu kuondoka na familia yake mwaka 1972. Aliporudi kwao alipata madaftari ya wilaya ya Hertfordshire, ambako tangu 1911 wauguzi walipima watoto walipozaliwa na walipotimiza mwaka. Wanaume waliokuwa wepesi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Mwaka 1998 wenzake walipima damu ya wanaume wa wilaya hiyo hiyo wakiwa wazee: waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa na kortisoli nyingi zaidi asubuhi. Wenzake wengi hawakumwamini Barker kwa miaka, na baadhi ya hoja zake zilihitaji kurekebishwa, lakini swali alilolileta ni la haki.

Mpaka hapa tumezungumzia tumbo. Miaka miwili ya kwanza baada ya kuzaliwa ina uzito wake, na hapo ushahidi ulio bora haukutoka Ulaya.

Tangu miaka ya 1960, madaktari waliotibu watoto wenye utapiamlo mkali, Kingston nchini Jamaika na Mulago mjini Kampala, walipima homoni za watoto hao na kukuta jambo linaloumiza ukilifikiria. Mtoto aliyekosa chakula huweza kuwa na kortisoli nyingi katika damu. Mwili wake umeichukulia njaa kama tishio, nayo homoni inafanya kazi yake: inavunja misuli ya mtoto mwenyewe ili ini lipate cha kutengenezea sukari, na ubongo usizimike. Yule mtoto aliyekondeana mpaka mbavu zinahesabika anajilisha mwili wake. Kwa hiyo tunapouliza kama lishe mbaya inahusiana na msongo, tukumbuke kwamba kwa mtoto mchanga njaa ni msongo wenyewe, tena ule wa kwanza kabisa kuujua.

Jamaika walikwenda mbele zaidi ya kupima. Mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake walipita katika mitaa ya maskini ya Kingston na kuwaandikisha watoto 129 wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wote wakiwa wamedumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao. Waliwagawa kwa kura katika makundi manne. Kundi moja lilipewa kila wiki kilo 1 ya maziwa maalumu ya kuongeza lishe; na kwa kuwa katika nyumba yenye njaa maziwa ya mtoto mmoja hayakosi kugawanywa, familia zilipewa pia unga wa mahindi na maziwa ya unga ili yale ya mtoto yabaki ya mtoto. Kundi la pili halikupewa chakula bali mgeni: mhudumu wa afya wa mtaani alikuja mara moja kwa wiki, akakaa saa moja, akiwa na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono na vitabu vya picha. Alicheza na mtoto mbele ya mama, akamwonyesha mama namna ya kuzungumza naye, kumwitikia anapotamka, kumsifu anapofaulu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. La nne halikupata. Kazi iliendelea kwa miaka 2.

Baadhi ya watoto waliodumaa katika mitaa ile walipimwa tena walipofika umri wa shule ya msingi, miaka 8 hadi 10, wakilinganishwa na majirani zao ambao hawakudumaa. Walipewa maswali na majaribio, huku mapigo yao ya moyo yakisomwa na mate yao yakichukuliwa. Mioyo ya waliodumaa ilikwenda kasi zaidi, na kortisoli kwenye mate yao ilikuwa nyingi zaidi. Waliokuwa wakiwaangalia waliona pia kwamba walikuwa wazito kujichanganya na wepesi wa kukata tamaa. Mwalimu anayemfundisha mtoto kama huyo huona mtoto mwoga, au mkaidi, au asiyesikiliza. Haoni moyo unaokwenda mbio chini ya shati la shule kwa sababu ya swali la hesabu.

Kisha wakawa vijana wa miaka 17 na 18. Waliodumaa utotoni, wakilinganishwa na wenzao, walikuwa na wasiwasi zaidi na dalili zaidi za sonona. Lakini ndani ya kundi la waliodumaa kulikuwa na tofauti kubwa. Wale waliotembelewa na kuchezewa walikuwa na wasiwasi mdogo, sonona ndogo, walijithamini zaidi na waliweza kutuliza akili darasani. Walipofika miaka 22, kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, kiasi cha kuwafikia majirani ambao hawakuwahi kudumaa. Na maziwa? Maziwa yaliwasaidia watoto katika miaka ile ya kwanza, lakini faida yake haikuonekana tena ukubwani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mabango mengi ya lishe. Matokeo ya Kingston hayasemi kwamba chakula si kitu. Watoto wale walianza kupewa maziwa wakiwa tayari wamedumaa, baadhi wakikaribia miaka 2, wakati miezi iliyo muhimu kuliko yote kwa lishe ilikuwa imepita. Na Uholanzi imeshatuonyesha kinachotokea chakula kinapokosekana mapema. Yanachosema ni kwamba mfumo wa kupokea msongo haujengwi kwa chakula pekee. Unajengwa pia na mtu anayemjibu mtoto. Katika maabara ya Michael Meaney mjini Montreal, panya waliolambwa sana na mama zao siku za mwanzo walikua na vipokezi vingi zaidi vya kortisoli katika hipokampasi, na walipotishwa walitulia haraka kuliko wenzao. Mtoto wa mama asiyelamba sana alipohamishiwa kwa mama mlambaji, alikua kama watoto wa mama huyo. Panya si mtu, lakini mama wa Kingston aliyefundishwa kumwitikia mtoto wake alileta matokeo yanayofanana na hayo kwa binadamu.

Barbados inapigilia msumari hoja kwamba chakula pekee hakitoshi. Janina Galler alianza mwaka 1973 kufuatilia watoto waliopata utapiamlo katika mwaka wa kwanza tu wa maisha, wakatibiwa, wakafuatiliwa hadi kimo na uzito wao ukawafikia wenzao. Kwa macho walikuwa wamepona. Matatizo ya kushindwa kutuliza akili yaliwafuata hadi miaka yao ya 40.

Kuna namna mbaya ya kuusoma ushahidi huu, nayo ni kumgeukia mama na kumhesabia makosa. Nimeisikia mara nyingi mno: ungekula vizuri, ungenyonyesha zaidi, ungemwangalia mtoto. Mama wa Amsterdam mwaka 1945 hakukosa elimu ya lishe. Jeshi lilifunga njia za chakula. Mama wa Kingston hakukosa mapenzi; alikosa muda, pesa na mtu wa kumwambia kwamba kuongea na mtoto asiyejua kuongea ni kazi yenye faida. Matendo yaliyoamua afya ya watoto wale yalifanyika ofisini na vitani, mbali na jiko la mama.

Na kwetu? Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kenya mwaka huo huo ilikuwa asilimia 18. Burundi, katika utafiti wa 2016 na 2017, zaidi ya nusu. Ndani ya Tanzania, mkoa uliokuwa na udumavu mwingi kuliko yote ni Iringa, asilimia 57, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Maofisa lishe wa huko hawachoki kueleza kwa nini: mama yuko shambani tangu alfajiri hadi jioni hata mimba ikiwa kubwa, mtoto anaachwa na dada yake wa miaka 7, uji ni wa mahindi matupu bila dagaa, maharage wala yai, na kuhara kunakuja mara kwa mara. Ukiitazama orodha hiyo kwa macho ya Kingston, utaona kwamba mambo yale yale yanayomnyima mtoto chakula ndiyo yanayomnyima mtu wa kumjibu.

Ndiyo maana naona programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Tanzania Desemba 2021, ilianza mahali sahihi ilipoweka lishe, afya, usalama, kujifunza na malezi yenye mwitikio katika kapu moja. Shida yetu si uchache wa nyaraka. Kliniki nyingi bado kinachomsubiri mtoto ni mizani na sindano. Mama anaambiwa kilo zimepanda, anaondoka. Watoto wa Amsterdam walioathirika zaidi walikuwa na kilo nzuri.

Halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kila mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5, kwa ajili ya lishe. Muulize diwani wako mambo matatu. Je, fedha hiyo ilitengwa? Ilipotengwa, ilitolewa? Na katika iliyotolewa, kuna hata shilingi iliyomlipa mhudumu wa afya wa jamii kwenda kukaa saa moja kwa wiki katika nyumba ya mama mwenye mtoto mchanga, au kumpunguzia mjamzito kazi ya jembe? Uliza kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, ambako jibu huandikwa kwenye muhtasari, na kikao kijacho uulize tena.